Makopo Kumi na Mawili ya Mwamgongo

Saa moja na nusu asubuhi Inspekta Dismasi Bukeyeneza alikuwa ameshapiga magoti kwenye sakafu ya stoo ya dawa, kofia ameitundika kwenye kitasa cha mlango, anahesabu makopo ya plastiki kwa kidole kama mama anayehesabu vifaranga.

"Mia moja na ishirini," alisema Meshack, mtunza stoo, bila kuulizwa. "Nimeshakwambia, Afande. Hayapungui, hayazidi."

"Nimekusikia. Sasa naachia macho nayo yasikie."

Kila kopo lilikuwa na namba, halikuwa na jina. Ndani yake mlikuwa na vipakiti vya karatasi ishirini na nane, viwili kwa siku kwa wiki mbili, na ndani ya kila kipakiti unga mchungu wenye rangi ya udongo. Katika nusu ya makopo unga huo ulikuwa gome la mti lililosagwa na Bibi Eufrasia wa Simbo, mganga aliyetibu kisukari kwa miaka ishirini, kuanzia Simbo hadi vijiji vya ziwani. Katika nusu nyingine ulikuwa muhogo mtupu, uliokaangwa ukatiwa rangi na shubiri mpaka ulimi ushindwe kutofautisha. Wagonjwa walikuwa wamepangwa kwa bahati nasibu. Mgonjwa hakujua anakula kipi, daktari hakujua anatoa kipi, na Bibi mwenyewe hakujua. Siri ilikaa kwenye bahasha mia moja na ishirini ndani ya kabati la chuma, kila namba na bahasha yake.

Wote waliendelea na vidonge vyao vya hospitali. Kama gome lina kazi, waliolipata wangeshuka sukari kuliko wenzao. Mtihani wenyewe ndio huo.

Juzi asubuhi mtihani uliingia doa. Yona Ndizeye, mshona nyavu wa Mwamgongo, namba arobaini na saba, alianguka ufukweni, sukari imeshuka hadi mlangoni mwa kaburi. Hospitali ikafungua bahasha yake kwa dharura. Bahasha ikasema muhogo. Lakini vipakiti vitatu vilivyobaki kwenye kopo lake vilipopimwa maabara, vyote vilikuwa gome.

Mtu alikuwa amebadilisha. Na wiki moja nyuma Bibi Eufrasia alikuwa Mwamgongo, msibani. Mkuu wa upelelezi wa wilaya hakuhitaji zaidi ya hapo. Jana saa kumi jioni mganga aliingizwa mahabusu kwa kosa la kumpa mtu kitu chenye madhara. Leo saa kumi jioni, ama apandishwe mahakamani, ama afunguliwe mlango. Mkuu alikuwa ameshachagua mahakama. Dismasi aliomba muda uliobaki, akapewa kwa shingo upande.

Dokta Happiness Ntahomvukiye, mwenye utafiti, aliingia stoo na miwani mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini, na ilionekana hajalala.

"Yona amepata nafuu," alisema. "Anakunywa uji. Lakini hataki kuzungumza na mimi."

"Na mimi jana alinigeuzia mgongo," Dismasi akajibu, akijipangusa magoti. "Dokta, nieleze kama unamweleza mtu wa Kasulu ambaye shule aliikimbia. Ili dawa ya Bibi ishinde, inabidi nini kitokee?"

"Kundi la gome lishuke sukari, kundi la muhogo libaki juu."

"Na mtu akiwapenyezea gome wale wa muhogo?"

"Makundi yanafanana. Tunaandika kwamba dawa haina kazi."

"Kwa hiyo mfungwa wangu amejikata mguu mwenyewe, kwa shoka lake mwenyewe."

Meshack akakohoa. "Labda Bibi hakuijua hesabu hiyo."

"Alikaa mafunzo siku mbili," Dokta akasema. "Aliuliza maswali kuliko manesi wote. Aliijua."

Dismasi akamgeukia mtunza stoo. "Basi tumwache Bibi. Tuje kwako, kaka. Ufunguo wa kabati hili uko na nani?"

"Na mimi." Meshack aliuvuta kutoka ndani ya shati, umefungwa kwa kamba ya kiatu. "Sivui hata nikioga."

"Fungua."

Bahasha zilikuwa zimepangwa kama matofali. Dismasi alivaa glovu akazipitia moja moja. Kwenye arobaini na sita akasimama. Mdomo wa bahasha ulikuwa umejikunja, gundi imeacha mawimbi.

"Hii imefunguliwa ikabandikwa upya."

"Haki ya Mungu, Afande!" Jasho lilimtoka Meshack palepale. "Mimi nina watoto!"

"Watoto hawafungui bahasha. Nani amefungua?"

Dismasi akavuta ya arobaini na tano: mawimbi yaleyale. Arobaini na nne, hivyohivyo. Akainua uso darini. Juu ya kabati, bodi ilikuwa na doa la maji lenye ukubwa wa sinia. Akairudia ya arobaini na sita, akaipeleka dirishani. Muhuri uliogongwa kukatiza mdomo wa bahasha ulikuwa mzima, mistari yake imekutana bila kupishana hata unywele.

"Ni mvua," alisema. "Ziba hilo dari, na ujipanguse jasho."

Halafu akatoa mfukoni kichupa cha aidini, ile ya kupaka vidonda, iliyonunuliwa asubuhi hiyo famasi ya jirani na stesheni.

"Kopo la Yona la wiki mbili zijazo liko wapi?"

Meshack alimletea. Dismasi alichana kipakiti kimoja, akakoroga unga kwenye glasi ya maji, akadondosha matone matatu. Maji yaligeuka rangi ya wino, bluu iliyokaribia weusi. Akachana cha pili, cha tatu. Wino, wino.

"Tulifundishwa darasa la sita," alisema. "Muhogo ni wanga, na wanga ukikutana na aidini haujifichi. Kopo hili ni muhogo, kama bahasha ilivyosema. Kwa hiyo stoo iko safi. Mabadiliko yametokea baada ya kopo kutoka mlango huu."

Dokta Happiness alikuwa ameiangalia ile glasi kana kwamba imemtukana. "Miezi saba ya kuficha," alisema taratibu. "Tumetafuta rangi, tumetafuta uchungu, tumetafuta mpaka harufu. Na mtu yeyote mwenye kichupa cha kupaka vidonda angeweza kujua anakula nini."

"Ninyi mlificha kwa ulimi na jicho."

"Naomba usimwambie mtu habari hii ya aidini."

"Nimeshasahau. Nipe daftari la makopo yaliyorudishwa."

Kila mgonjwa alirudisha kopo lake baada ya wiki mbili, na kilichobaki ndani kilihesabiwa na kuandikwa, ili ijulikane nani anakunywa dawa na nani anadanganya. Dismasi alilisoma daftari akiwa amesimama. Watu wa Simbo walikuwa watu: mmoja kabakiza vipakiti vinne, mwingine tisa, mwingine alisema mbuzi kala kopo zima. Watu wa mjini walikuwa wabaya zaidi. Halafu akafika Mwamgongo. Wagonjwa kumi na wawili, mara mbili mfululizo: kimebaki sifuri, sifuri, sifuri, hadi mwisho wa ukurasa.

"Hawa ni malaika?"

"Ni washiriki wangu bora," Dokta alisema. "Wanakuja pamoja, wanaondoka pamoja. Hawajakosa hata siku moja."

"Mimi nilipewa vidonge vya malaria vya siku tatu, nikasahau siku ya pili. Binadamu kumi na wawili hawamalizi dawa chungu kwa pamoja mpaka kipakiti cha mwisho. Hapo kuna mtu anapanga." Akachukua kofia. "Vipakiti vyenyewe vina namba?"

"Kopo ndilo lenye namba."

"Ndani ya kopo?"

"Hapana. Vipakiti vyote vinafanana."

* * *

Boti ya polisi iliondoka Kigoma saa tatu kasoro. Koplo Eliakimu, aliyeshika usukani, alizaliwa ufukweni na hakuona haya kulisema.

"Afande, shika ubao kwa mikono miwili. Watu wa Kasulu ziwa mnalionea kwenye kalenda."

"Endesha."

"Naendesha. Nasema tu, ukitapika tapikia upande wa Kongo."

Waliipita Gombe mkono wa kulia, msitu ukishuka hadi majini, na saa nne na robo wakaingia Mwamgongo. Ufukwe ulikuwa mweupe kwa dagaa walioanikwa. Karibu na mahali boti ilipogusa mchanga, wanawake na wanaume kama kumi walikuwa wamezunguka rundo la dagaa walilolinunua kwa pamoja, limeshagawanywa mafungu. Mwanamke mmoja mnene, kitenge amekifunga kifuani, alikuwa amekaa ameyapa mafungu mgongo, uso umetazama ziwa. Mwenzake aligusa fungu moja kwa fimbo.

"Hili la nani?"

"La mama Tuyizere!" akajibu yule wa mgongo.

"Na hili?"

"La Nikodemu!"

"Na hili hapa?"

"Langu! Na lisiwe dogo!"

Wakacheka. Dismasi alisimama pale boti ilipofungwa mpaka mafungu yote yakapata wenyewe.

"Kwa nini amegeuka?" alimwuliza Eliakimu kwa sauti ya chini.

"Asione lililonona akampa shemeji yake. Ziwa lote hili tunagawa hivyo, Afande. Aliyegeuka hamjui wa kumpendelea, anayegusa hana la kusema. Hakuna ugomvi."

"Yule ni nani?"

"Gloriose Kubwimana. Baba yake alivuka kutoka Burundi na mtumbwi. Naye ana kisukari."

Gloriose aliwakaribisha uani kwake, akawapa vigoda, akasalimia kwa lugha mbili mfululizo. "Mwaramutse. Karibuni. Yona wetu anaendeleaje?"

"Anakunywa uji."

"Imana ishukuriwe." Alipiga ishara ya msalaba, na mabega yake yakashuka.

"Mama Gloriose, naomba kuona kopo lako la dawa."

Aliingia ndani, akatoka nalo. Vilikuwa vimebaki vipakiti sita. Dismasi aliomba bilauri mbili za maji, akachana kipakiti cha kwanza, akakoroga, akadondosha aidini. Wino. Akachana cha pili kutoka kopo lilelile. Maji yakabaki na rangi yake ya udongo.

Akaziweka bilauri mbili juu ya kigoda, ubavu kwa ubavu. Kuku alipita, akachungulia bilauri, akaondoka zake.

"Kopo moja haliwezi kuwa na unga wa aina mbili," Dismasi alisema. "Ama mtu amekuja hapa kukuwekea, au ninyi wenyewe mmefanya jambo. Bibi Eufrasia alikuja msibani. Aligusa makopo yenu?"

"Oya! Hapana kabisa."

"Yuko ndani, mama. Sero ya Kigoma. Saa kumi anapelekwa mahakamani kwa kumlisha Yona sumu."

Gloriose alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Bibi? Bibi yule yule? Yesu wangu."

"Siku ya kugawa dawa, nani alikuwa ametazama ziwa?"

Aliinua uso kumtazama, kisha akageuka kuitazama njia ya ufukweni alikotoka, akaelewa kwamba ameonwa.

"Mimi," alisema. "Siku zote ni mimi."

"Eleza. Koplo anaandika."

"Dokta alituambia kwa mdomo wake mwenyewe. Nusu yenu mtapata dawa, nusu mtapata unga usio na dawa, na hakuna anayejua ni nani. Tukasaini. Tukatoka pale watu kumi na wawili, tukapanda boti moja. Sasa nikuulize wewe, Afande, tumeondoka pamoja, tumerudi pamoja, halafu Yona apone na mimi nioze mguu? Au mimi nipone nimtazame Yona akipofuka? Tukasema hapana. Tukamwaga vipakiti vyote kwenye beseni, tukavikoroga mara moja tu kwa mkono, tukapanga mafungu kumi na mawili. Anayegusa akagusa, mimi nikaita majina. Kila mtu akapata ya bahati yake. Wiki mbili zikiisha tunafanya tena, ili aliyekosa leo apate kesho."

"Na makopo yanarudi matupu."

"Tungeonekana hatushukuru dawa ya watu? Aliyechoka kunywa, mwenzake alimalizia."

"Bibi alijua?"

"Angetuchapa! Alipokuja msibani tuliyaficha makopo yote kwa Nikodemu. Alishatuonya: kila mtu ale chake."

"Mara ya mwisho kugawa, fungu la Yona lilikuwaje?"

"Kama ya wengine. Nani angejua? Siku alipoanguka alikuwa ameamkia kwenye nyavu, hajatia kitu tumboni." Machozi yalimlengalenga. "Afande, sisi ndio tuliomwua?"

"Hajafa, mama. Weka kidole gumba hapa."

* * *

Saa nane na nusu Dismasi alikuwa amekaa ofisini kwa Dokta Happiness na faili la Yona wazi mbele yao.

"Soma hapa," Dokta alisema. "Mwezi wa kwanza sukari yake haikushuka. Nikaona vidonge havimtoshi, nikaviongeza mara mbili. Utaratibu unaruhusu."

"Mwezi wa kwanza mafungu yake yalikuwa ya muhogo, basi. Au karibu yote."

"Ndiyo. Halafu wiki mbili hizi akaangukia fungu la gome. Vidonge mara mbili, gome juu yake, na tumbo tupu." Alivaa miwani, akaivua. "Gome lina nguvu, Inspekta. Na siwezi kulithibitisha kwa mtu mmoja aliyeanguka."

Kituoni Mkuu wa upelelezi alisoma maelezo ya Gloriose mara mbili, akamtazama Dismasi kama mtu aliyenyang'anywa tonge mdomoni, akasaini. Saa tisa na dakika kumi Bibi Eufrasia alitolewa. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, kilemba kimefungwa vizuri kana kwamba sero ina kioo.

"Shikamoo, Bibi," Dismasi alisema.

"Marahaba. Sero yenu ina kunguni. Mnawalipa mshahara?"

Alimketisha kwenye benchi, akamweleza yote tangu glasi ya kwanza hadi mafungu. Ilipofika habari ya beseni, Bibi alitoa mguno mmoja mrefu.

Dokta Happiness aliketi karibu naye. "Bibi, kesi imekwisha. Limebaki letu. Inspekta ameniambia kwamba hesabu za utafiti si jinai, ni shauri langu. Nikiipelekea kamati ya maadili habari hii yote, watasimamisha utafiti. Wale kumi na wawili nitalazimika kuwahesabu kwenye makundi waliyopangiwa mwanzo, ingawa walikula vyote viwili. Gome lako litaonekana dhaifu kuliko lilivyo. Au naweza kuandika kwamba Yona peke yake aliokota vipakiti vya jirani. Namwondoa mmoja, tunaendelea, na mwezi wa sita unapata karatasi yako."

Dismasi alitazama kalamu yake.

"Karatasi hiyo," Bibi Eufrasia alisema, "nimeingoja tangu mume wangu yu hai. Kuna watu Simbo wananiita mchawi mbele ya wajukuu zangu. Ninaitaka kuliko mnavyojua."

"Najua."

"Hujui. Lakini mwezi wa sita ukitoa karatasi, mtu wa Kibondo au Mpanda ataisoma, atakunywa gome na vidonge vyake mara mbili kabla hajala, ataanguka. Na hatakuwa na habari ya Yona ya kumwonya. Mbona hamkuniuliza mapema? Watu wa boti moja hawali tofauti. Usigawe mtu na mtu. Gawa boti na boti. Mwamgongo nzima gome, kijiji kingine kizima muhogo, kura ipigwe ya vijiji. Hapo wakichanganya kwenye beseni watachanganya kitu kilekile."

Dokta alihesabu kwa vidole. "Itachukua miaka miwili mingine."

"Nina miaka sitini na minne. Piga simu."

Dokta alisimama, akatoa simu, akasubiri. Mtu alipopokea, alijitambulisha, akasema anatoa taarifa ya tatizo kwenye utafiti wa Kigoma. "Baadhi ya washiriki," alianza, "inaonekana walichanganya..."

Bibi Eufrasia alimgusa kiwiko.

"Sema kumi na wawili," alisema. "Na useme kwamba ni watu wangu, nami nabeba lawama pamoja nao."